Vidole Viwili Kabla ya Mstari

Alhamisi ya pili ya Januari, kabla ya chakula cha mchana, Delfina Kuras alivunja meno ya msumeno wa tatu tangu wiki ianze. Hakutukana. Aliuweka kando, akajimiminia kahawa, akachukua sumaku kuutafuta msumari uliofanya kazi hiyo. Mbao za ukumbi wa bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe liangushe pini za mbao mwishoni mwa njia, ndivyo zilivyo. Kwa juu zinang'aa kama sinia, lakini kila ubao umesimamishwa kwa ubavu na kupigiliwa kwenye jirani yake, thelathini na tisa kwa upana wa njia moja, na misumari yote imelala ndani usikoiona mpaka msumeno ukuambie.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa Zegarski, upande wa kusini wa Milwaukee, njia kumi na mbili na baa moja. Ulibomolewa ili yajengwe maghala ya kukodisha, ambamo watu huweka vitu wasivyovitaka na kuvilipia kila mwezi ili wasivione. Delfina aliziokoa mbao kabla ya tingatinga kufika, akazikata vipande vya futi nane nane na kutengeneza meza za kazi za maseremala. Hakuna meza inayozishinda. Matufe ya ratili kumi na sita yamezigonga kwa miaka sitini na hazikubonyea, sasa nyundo ya fundi itazifanya nini?

Shida ni kwamba mafundi hawakuzinunua. Walionunua ni watu wa upande wa ziwani, na wote walitaka kipande chenye mishale, ile saba ya mbao nyeusi iliyopachikwa mbele kidogo njiani, ambayo mchezaji huitazama ili kulenga. Mwanasheria mmoja aliagiza meza yenye mishale na jiliwa la chuma la kubania mbao, akaiweka sebuleni na kupanga mvinyo juu yake. Jiliwa lile halijabana kitu hadi leo ila kopo la zeituni. Kila Jumamosi saa nane mchana matufe madogo huipita meza hiyo kwa muda wa saa nzima, pamoja na vicheko vya watoto, kwa kuwa Jumamosi moja ya mwaka themanini na sita mtoto fulani alifanyiwa sherehe ya kuzaliwa kwenye njia ile. Mtoto mwenyewe yu hai, ni daktari wa meno. Mwanasheria alipiga simu kuuliza kama ipo vanishi ya kuzuia jambo hilo. Delfina akamwambia haipo, awe anaondoa chupa saa saba na nusu. Tangu hapo huziondoa.

Kipande ambacho hakuna aliyekitaka kilikuwa kile chenye mstari mweusi, ule ambao mchezaji hatakiwi kuuvuka anaporusha. Delfina akachukua cha njia ya saba. Akaunganisha futi mbili za jukwaa la kukimbilia, mstari wenyewe, na futi sita za njia, akajitengenezea meza yake. Alikuwa na sababu.

Februari ya mwaka sabini na nane mama yake, Stefania, mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi, aliangusha pini zote kumi kwa mpigo, mara kumi na moja mfululizo, katika njia ya saba. Mara ya kumi na mbili ingempa alama mia tatu, ambazo hakuna zaidi ya hizo, na ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipata kwa Zegarski. Taa ya kunasa miguu inayovuka ilikuwa imeharibika wiki hiyo, kwa hiyo katibu wa ligi, Ervin Plichta, aliketi kitini kando ya mstari awe mwamuzi. Stefania akarusha. Pini zote zikalala. Plichta akanyanyua mkono na kusema ni faulo, mguu umevuka. Ikaandikwa mia mbili na tisini.

Hakuna aliyempinga kwa sababu hakuna aliyeona. Tufe la kumi na mbili likienda, ukumbi mzima hutazama pini. Mguu hutazamwa na mtu mmoja tu, yule aliyepewa kazi hiyo. Delfina alikuwa na miaka kumi na moja, ameketi nyuma na sahani ya viazi, naye alitazama pini. Shuleni watoto walipomcheka alisema ndiyo, mama alivuka. Maneno hayo hayakumtoka moyoni tena, hata mama alipofariki mwaka tisini na nne.

Plichta yeye alipata mia tatu zake miaka mitatu baada ya faulo ile, katika njia hiyohiyo, Jumanne asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, mashahidi wawili. Jina lake ndilo la kwanza kwenye ubao wa shaba wa waliopata mia tatu, ambao sasa umetundikwa kwenye klabu ya wanajeshi wastaafu, pale watu wanapokula samaki wa kukaanga kila Ijumaa. Akapewa na pete. Ameivaa mpaka kidole kimenenepa na pete haitoki tena, na akikusalimu mkono huo ndio anaoutanguliza. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Plichta imefika miaka arobaini na sita, na yeye bado anatembea kifua mbele.

Stefania alianza kuja mwezi Oktoba, wiki ileile meza ilipokauka gundi. Aliingia kwa mlango wa pembeni saa kumi jioni, saa ya ligi ya Alhamisi, akakung'uta koti, akaketi juu ya ndoo ya misumari na kubadilisha viatu. Akamwambia Delfina asogeze randa na patasi. Kisha akapiga hatua nne, mbili za kwanza juu ya sakafu na mbili za mwisho kwenye kimo cha meza, akateleza, akarusha. Tufe likapita mezani, likaingia ukutani bila kuacha tundu, na upande wa pili zikasikika pini kumi zikianguka. Tufe lilirudi kupitia droo ya chini. Walio hai hawana nafasi, hutuma kishindo tu. Wafu huja wenyewe.

Aliangusha zote mara kumi na mbili. Alipokuwa anafunga mkoba wake Delfina alitazama meza. Alikuwa amepiga msasa asubuhi na hakufuta, vumbi la mbao limetanda, na ndani ya vumbi alama ya kiatu cha mtelezo imechorwa vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliishia vidole viwili kabla ya mstari.

Delfina alilia, kisha akasema lile alilokuwa nalo.

"Mama, mimi shuleni nilisema ulivuka."

"Najua," alisema Stefania. "Ulikuwa mdogo. Yeye hakuwa mdogo." Akavaa koti. "Wameandika?"

"Bado. Nitawaita waje waone."

Kuwaita kulichukua miezi mitatu. Kamati ya ligi ina watu watatu: Plichta, ambaye sasa ni mwenyekiti, pamoja na Norbert Gapa na Klemens Rucki, mashahidi wawili wa Jumanne ile. Ligi yenyewe haipo, lakini kamati ipo, ina makoti ya buluu yenye nembo, na hukutana kila mwezi kuthibitisha kwamba ipo. Walijadili barua ya Delfina katika vikao viwili. Cha kwanza waliahirisha kwa sababu ya donati za siku ya kabla ya Kwaresima, ingawa siku hiyo ilikuwa bado mbali.

Walifika hiyo Alhamisi ya pili ya Januari, saa kumi kasorobo, na tepu ya kupimia, pimamaji na kitabu cha kanuni. Yakipatikana madai ya mia tatu, njia hupimwa kabla ya jina kuandikwa. Ndivyo ilivyo siku zote. Plichta alikuja na kiti chake cha kukunja. Akakiweka kando ya mstari mahali palepale pa mwaka sabini na nane, akakaa, koti likakataa kufungika.

Stefania aliingia. Akamwangalia.

"Ervin. Umenenepa."

"Stefania," alisema Plichta, na akavua kofia. Adabu hakuwahi kukosa, alichokosa ni vingine.

Delfina alikuwa ametandaza vumbi kwa chujio, jembamba kama unga wa keki. Mama yake akarusha. Norbert na Klemens walihesabu kwa sauti, na lilipokwenda tufe la kumi na mbili wote wawili waligeuka kutazama ukuta, maana mazoea yana taabu. Plichta hakugeuka. Alitazama mguu mpaka uliposimama, na hakunyanyua mkono.

Norbert akapima. Inchi moja na nusu kabla ya mstari. Akasoma kipimo mara mbili, akamwangalia Plichta kama mbwa anayesubiri kuambiwa kama mfupa ni wake. Plichta alifungua kitabu cha kanuni, akalowesha kidole.

"Njia inatakiwa iwe na futi sitini," alisema. "Hii ina sita."

Delfina alisema nyingine hamsini na nne karibu zote ziko majumbani mwa watu, anaweza kuwapa anwani.

"Na kadi yake ya uanachama imeisha."

"Ervin," alisema Klemens, "amekufa."

"Ndiyo maana imeisha." Akafunga kitabu. "Alama hii, binti wa Stefania, ni ya leo. Mimi niliamua ya siku ile. Tukianza kufukua kila faulo, tutafika wapi?"

Wakapiga kura. Norbert alinyanyua mkono kabla swali halijaulizwa, na Klemens alinyanyua wake akiangalia viatu vyake. Stefania alibadilisha vya kwake, akaaga na kwenda zake. Delfina alitaka kuwatupia ndoo ya misumari, na ingekuwa halali yao. Lakini Plichta alibaki nyuma akipapasa mbao zilizoegemezwa ukutani, akauliza kama kipande cha njia ya saba chenye mishale kimebaki. Alitaka meza ya kuweka nyumbani chini, chumba cha vikombe vyake vya ushindi. Yeye hana hata bisibisi.

Delfina alifikiri kidogo. "Kimebaki kimoja," alisema. "Nitakutengenezea, Bwana Plichta. Kwa moyo wote."

Akamtengenezea, na hakupunja chochote. Mapema Machi Plichta akapiga simu kulalamika. Meza ni mbovu. Amekaa mbele yake kila Jumanne saa nne asubuhi, saa yake ya mia tatu, na haipiti hata gololi. Mwanasheria anapata vishindo vya watoto wa watu, yeye anapata kimya. Mbao labda si za njia ya saba.

Delfina alikwenda Jumanne iliyofuata na mfuko wa vumbi la mbao. Norbert na Klemens walikuwepo, wameketi juu ya kochi na makoti yao ya buluu. Akachujia vumbi juu ya meza, akaketi nao. Saa nne na dakika tano meza ilianza.

Hakuna tufe lililopita. Kwanza vumbi lilichorwa mstari mrefu mwembamba, kama tepu inavyolazwa na kuondolewa. Kisha vikatokea viduara vitatu vya maji, kimoja baada ya kingine, karibu na mshale wa kati, na chumba kikanukia kahawa. Hata mtoto wa mtaa ule anayetambaa anajua kwamba kikombe hakiwekwi juu ya njia, kwa hiyo Klemens alifumba macho. Ikasikika kalamu ikikwaruza karatasi, ikitua, ikikwaruza tena, mara kumi na mbili. Mtu alicheka kicheko kifupi chenye kikohozi ndani yake, na Norbert, ambaye hukohoa hivyohivyo, akaziba mdomo. Viduara vikakauka. Yalichukua dakika kumi na mbili, chini ya muda wa mchezo mmoja.

Plichta alisimama, akatoa leso, akafuta meza taratibu kutoka ncha hadi ncha. Pete iligonga ubao.

"Meza yako inavuja," alisema.

"Mbao ni zilezile, Bwana Plichta. Nilichofanya mimi ni kuweka miguu."

Mke wa Plichta aliteremka na donati, na wanaume watatu wakazila wote wakitazama mlango. Mezani hawakuthubutu kuweka vikombe, walivishika mikononi. Baadaye Plichta aliitandikia meza kitambaa cha plastiki chenye maua na kupanga vikombe vya ushindi juu yake. Jumanne saa nne huvishika visitingishike.

Ijumaa Delfina alikwenda klabuni kula samaki. Alikaa chini ya ubao wa shaba. Jina la Plichta lilikuwa palepale juu, mtu amelisugua karibuni, limeng'aa kuliko mengine. Klemens alikuwa meza ya pili na familia yake. Alimsalimu kwa kichwa, kisha akaomba kubadilishana kiti na mjukuu wake ili augeuzie ubao mgongo. Ndio ujasiri wote aliokuwa nao mzee yule.

Alhamisi Delfina alisogeza randa na patasi, akachujia vumbi. Saa kumi mama yake aliingia na theluji mabegani, akaketi juu ya ndoo.

"Wameandika?"

"Bado, Mama."

Stefania alikaza kamba za kiatu cha kulia, kile cha kutelezea.

"Basi usifute alama ya leo," alisema, na akapanda kurusha.