Soksi za Goti za Kocha Lassaad

Robo saa tu. Emna hakuomba zaidi ya hapo, lakini robo saa hiyo ilitosha kumfanya aonekane mkorofi mbele ya timu nzima ya wasichana wa mpira wa mikono wa mji wa Teboulba.

Ilikuwa Ramadhani, na mazoezi yalibanwa kwenye saa ya mwisho kabla ya magharibi. Kila mtu ana njaa, ana kiu, akili yake imeshatangulia nyumbani kwenye shorba, supu ya kufuturia. Kocha Lassaad akaona pa kupunguzia: ile robo saa ya mazoezi ya mwanzo, ya kuruka na kutua magoti yamekunjwa, ya kusimama kwa mguu mmoja. Badala yake alileta boksi la soksi za goti, nyeusi, za kubana, akazigawa kama peremende za Idi.

"Hizi zinalinda goti. Vaeni, tushike mpira."

"Kocha, hizo zinabana tu," alisema Emna, ambaye ndiye nahodha. "Mimi nilikuwa nimevaa yangu siku kano ya goti ilipokatika. Goti linalindwa na unavyotua."

"Haya, daktari kaingia!" alidakia Ghofrane, na ukumbi mzima ukacheka.

Ghofrane, winga wao, alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa ameitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa baada ya Idi. Emna alimpenda binti huyu, na kila siku alimwona anavyotua: mguu mmoja, mwili umepinda, goti linaingia ndani.

"Njoo turuke wawili tu, kabla hawajaanza," alimwomba.

"Dada Emna, mate yenyewe sina, unataka nirukeruke kama chura?" Akalipiga goti kofi. "Ona. Chuma hiki."

Emna aliondoka pale meno yameumana. Angekuwa anaongea na ukuta, angalau ukuta usingemcheka.

Wiki ya tatu ya mfungo, adhana ikiwa karibu, Ghofrane aliruka kutoka pembeni, akafunga bao zuri kwelikweli, akatua. Hakuna aliyemgusa. Wote walisikia goti likilia.

Adhana iliwakuta wamemzunguka sakafuni. Mtu akamletea tende, akafungulia huku analia. Emna alitafuta mkasi, akaikata ile soksi, maana goti lilikuwa linajaa.

Kocha aliiokota, akaigeuzageuza. Mbali na pale ilipopita mkasi, haikuwa imefumuka hata uzi.

"Alichukua kubwa," alisema. "Nitaagiza zinazobana zaidi."

Emna alitamani kumrushia ule mkasi. Aliuweka chini.

Kesho yake picha za hospitali zilionyesha kano imekatika. Majaribio ndiyo basi. Emna alimkuta Ghofrane nyumbani kwao, mguu juu ya mto, macho yamevimba.

"Dada Emna, kocha kanipigia simu. Anasema ningevaa ile ndogo lisingetokea." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ni kweli? Nilikosea saizi?"

Emna alikaa kitandani, akamshika mkono.

"Saizi ilikuwa sawa, mdogo wangu. Ulichonyimwa ni robo saa."

Ghofrane akavuta shuka, akajifunika uso.