Picha Mia na Arobaini za Kichwa cha Mdudu

Kazi yangu ni kutulia. Ami Abdulghafur, mpiga picha wa hapa Mji wa Kale, aliniajiri kwa kuwa naweza kukaa kitini saa nzima bila hata kujikuna.

Siku hiyo tulikuwa na mdudu mkavu, wa wale wanaotafuna milango ya nakshi, mdogo kuliko punje ya mchele. Lenzi ikimkaribia hivyo, meno yake yakionekana vizuri, macho yanakuwa ukungu. Basi kamera huwekwa juu ya reli yenye mota: husogea kidogo kuliko unene wa unywele, ikapiga, ikasogea tena. Picha mia na arobaini. Kompyuta huchukua palipo wazi katika kila moja, ikaziunga kuwa picha moja. Mtu akitembea kwenye sakafu yetu ya mbao, zote bure.

Ami alikwenda kuswali adhuhuri, akaniachia mota. Ilipofika picha ya tisini, vugo likapita chini, wanawake wakiimba na kugonga pembe, wanapeleka vitu vya bibi harusi. Nikanyata hadi dirishani. Nikatazama kidogo tu, nikarudi kitini.

Ami aliporudi akaziunga picha. Mdudu ana macho manne.

"Nani katikisa?"

"Labda kinu cha Bi Mwanatumu." Ulimi ulinitangulia.

Bi Mwanatumu anakaa chini yetu, hutwanga bizari za kuuza. Nilimsikia Ami akimlalamikia, naye akijibu: "Kinu changu na kamera yako vimegombana lini, Abdulghafur?" Lakini akakikokota mwenyewe hadi nje barazani, juani, mkono mmoja kiunoni.

Tukarudia. Picha ikatoka safi, hadi vinyweleo vya usoni.

"Unaona, Fadhiya? Kumbe kinu kweli. Una akili wewe."

Sikuweza kumtazama. Nikasema nashuka kusaidia kukirudisha kinu. Bi Mwanatumu alikuwa barazani, anajipepea kwa ncha ya leso.

"Bi, si kinu. Ni mimi."

"Najua. Hata kutwanga sikuwa natwanga. Nilikuwa mlangoni natazama vugo, nikainua macho, wewe huyo umejaa dirishani kama pazia."

"Mbona hukusema?"

"Nikuaibishe mbele ya bwana kazi wako? Nilidhani utasema mwenyewe, kabla sijakifikisha mlangoni." Akajisugua kiuno. "Kizito, mwanangu."

Nikakirudisha ndani, kisha nikapanda ngazi. Ami alikuwa ameshamgeuza mdudu upande, mota inatembea, picha ya kumi na mbili. Kuingia siwezi, nitaharibu tena. Nikasimama kizingitini. Ami akanitabasamia, akaweka kidole mdomoni, kama mtu anayemwamini mwenzake.

Nikazihesabu zote. Mia na thelathini na tisa. Mia na arobaini. Mota ikanyamaza.

"Ami," nikasema, "niliondoka kitini. Nilikwenda dirishani, kisha nikamsingizia mtu mzima."