Rangi ya Dhahabu kwa Mpagazi

Marcelina Manirakiza alikuwa fundi wa kufua shaba pale Ng'ambo, mjini Tabora, wa birika na masufuria, kabla ya kamati ya mtaa kumwomba sanamu ya mpagazi. Ilitakiwa isimame njia panda ya kwenda Itetemia, kuwakumbuka waliopita Tabora na mizigo kichwani. Akamfua mwanamke mwenye furushi la mikeka, maana wanawake nao waliitembea njia ile. Kazi ilimchukua miezi minane. Kidole chake kimoja kilipondwa na nyundo mara mbili, hakikunyooka tena.

Mvua za kwanza zilipopita, shaba ikaanza kuiva: kahawia mwilini, weusi mabegani. Marcelina alifurahi. Mtu aliyetembea juani miezi mitatu hang'ai.

Jumapili moja, akitoka kanisani, akaikuta sanamu imepakwa rangi ya dhahabu, mpaka macho.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Shigela, mwenyekiti wa kamati, akamkuta barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeiona? Imependeza."

"Nani kaipaka?"

"Sisi. Wageni wanakuja mwezi ujao, na ile ilishachakaa kama sufuria la msibani."

"Haijachakaa. Shaba ndivyo inavyokuwa. Nilikueleza tangu siku ya kwanza."

"Ulinieleza, kweli. Lakini nani atasimama pale awaeleze wapita njia?"

Swali hilo ndilo lililomuuma Marcelina zaidi.

Kesho yake akaenda na thina ya kuondolea rangi, matambara na ngazi ya jirani. Akaanzia mgongoni. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama akamuuliza kama anaiba shaba. Akamweleza. Akaja mwingine na swali lilelile, akamweleza. Alipokuja wa tatu, Marcelina akamwacha adhani apendavyo. Rangi ilikuwa imejichimbia kwenye kila alama ya nyundo, na alama zilikuwa maelfu. Hadi saa kumi jioni alikuwa amesafisha mgongo tu, kichwa kinamzunguka kwa harufu ya thina.

Siku mbili baadaye mgongo ukapakwa tena.

Aliomba kikao. Wajumbe saba walimsikiliza kwa adabu, wakamsifu kwa kazi nzuri, kisha wakapiga kura. Aliyekuwa upande wake ni mmoja tu, Mama Recheli, muuza nguo.

"Si kwamba hatukuheshimu," Shigela alisema. "Watu wanapenda kitu kinachong'aa."

"Basi mngenunua kilichong'aa. Mimi mlinitafutia nini?"

Mama Recheli aliuliza kama angalau mgongo unaweza kuachwa, kwa kuwa picha hupigwa kwa mbele. Wajumbe walikuwa wanataka kwenda nyumbani, wakakubali.

Marcelina naye alikubali, kwa hasira. Akarudi na ngazi, akausafisha mgongo mara ya pili, peke yake, akilia kidogo bila kuacha kusugua.

Wageni walikuja wakapiga picha, wakaondoka. Mpaka leo mpagazi ana uso wa dhahabu na mgongo wa shaba, uliokwisha kuwa mweusi sasa. Marcelina akiwa na safari ya Itetemia huvuka barabara mapema, apite nyuma ya sanamu. Kamati ilimtuma mtu kumuuliza kama angeweza kutengeneza sanamu nyingine, ya tembo. Alisema atafikiri. Hajawajibu.