Roko na Upepo wa Milango Miwili

Siku padri Don Ante alipokuja kubariki nyumba, mbwa Roko alikunywa maji ya baraka. Wala hakulamba kidogo kwa adabu. Alitumbukiza pua yote kwenye kindoo cha shaba, akayanywa mpaka chini, kisha akampandia padri kifuani kwa miguu ya mbele na kujifuta mdomo kwenye joho lake jeupe. Watu wanne walikuwa wakipiga kelele kwa pamoja, "Roko! Acha! Roko, shuka!" na yeye hata sikio hakulitikisa.

Padri alicheka, maana Januari hiyo alikuwa ameshaingia nyumba sitini za mji wetu wa Omiš na hii ndiyo ya kwanza kumchangamsha. Perina hakucheka. Perina alikuwa na miaka sabini na minne, nyumba ilikuwa yake toka kizingiti hadi dohani, na padri humo huingia mara moja tu kwa mwaka. Alimsindikiza Don Ante hadi getini, akamsukumia mfuko wa tini kavu kama faini, akarudi jikoni na hukumu yake mkononi.

"Jumamosi anarudi Sinj, kwa hao waliomzalisha."

"Mama, ni mbwa tu," alisema mwanawe Vinko, macho yakiwa kwenye mpira wa televisheni.

"Ni mbwa tu? Amekunywa baraka ya mwaka mzima! Sasa yeye ndiye mtakatifu na sisi tumebaki wakavu. Nilisema siku ya kwanza, huyu si mbwa wa familia. Nani alinisikiliza?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikiliza hata wakati huo. Vinko alikuwa akimtukana mwamuzi. Binti yake Tonka, aliyelia wiki nzima ili anunuliwe mbwa huyo na akamchoka ndani ya wiki mbili, alikuwa na vidude vyake vya muziki masikioni. Nediljka, mkewe Vinko, ndiye peke yake aliyeyashika maneno yale, na yalimwingia kama mwiba. Alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu. Roko alikaa mbele yake akimtazama usoni.

Na hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, kwamba Roko alimtazama. Nediljka alikuwa ameolewa kwenye nyumba hiyo miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akizungumza na migongo ya watu. Akisema supu imeiva, migongo. Akisema leo kichwa kinamuuma, migongo, na mmoja wao ukimuuliza chumvi iko wapi. Mbwa yule, tangu alipoletwa akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia, alimkodolea macho kila alipofungua mdomo, kichwa kimeinama upande, asipitwe na neno. Nediljka alimsimulia mambo ambayo hakumwambia hata padri. Kuhusu hoja ya kama mbwa wa madoadoa anafaa kwa familia, yeye hakuwa na la kusema juu ya familia, ila alijua kwamba kwake yeye alifaa, na kwamba Jumamosi ikifika atarudi kuzungumza na jokofu.

Tusimsifu Roko mno, lakini. Mbegu yake imepewa jina la pwani yetu, limo hata kwenye cheti chake, na watu wa kwetu husimulia habari za mbwa wa namna yake kana kwamba waliwazaa wenyewe, ila wengi wanaosimulia hivyo hawajaishi na hata mmoja. Hutoa manyoya miezi kumi na miwili, meupe kwenye nguo nyeusi na meusi kwenye nguo nyeupe. Asipokimbizwa kila siku hukimbia mwenyewe, kuzunguka meza, juu ya kochi, juu ya Vinko. Alikuwa ameshatafuna kiti kimoja, viatu vya kipaimara, na nusu ya paja la nguruwe ambalo Perina alilikausha kwa upepo wa kaskazini majira yote ya baridi. Na kuitwa haitiki. Ungeweza kumwita mpaka koo likauke.

Wale wa Sinj walikubali kumpokea kwa sharti moja, daftari lake la chanjo lipigwe muhuri. Kwa hiyo Alhamisi Nediljka akampeleka kwa daktari wa mifugo, kijana mmoja mwembamba aliyehamia kutoka Osijek mwaka juzi, ambaye bado alikuwa akishangaa jinsi watu wa huku wanavyopiga kelele.

Daktari alipima moyo, akafungua mdomo, akatazama meno. Kisha beseni la chuma likamponyoka nyuma ya mbwa, likapiga sakafu kwa kishindo kilichomrusha Nediljka kutoka kwenye kiti. Roko aliendelea kumtazama Nediljka kwa mapenzi. Daktari akaliokota beseni, akalidondosha tena kwa makusudi. Akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mbwa, akapiga filimbi.

"Mama," alisema, "huyu mbwa ni kiziwi."

"Hapana bwana. Ni mkaidi."

"Ni kiziwi kabisa, masikio yote mawili. Amezaliwa hivyo, mbegu yao ina sana ugonjwa huu. Ana umri gani?"

"Miezi kumi na minne."

"Miezi kumi na minne, na hamkugundua?"

"Daktari, nyumbani kwetu hakuna anayeitika akiitwa. Tulidhani ametuzoea."

Daktari alitaka kucheka lakini akauona uso wake, akaacha. Machozi yalikuwa yakimtiririka yule mama. Mwaka mzima alikuwa amemmwagia siri zake zote kiumbe pekee aliyemsikiliza, na kumbe hakusikia hata moja. Aliona aibu, akaona na uchungu, kisha Roko akasimama akamlamba mashavu yote mawili, akafika mpaka kwenye miwani.

"Anafaa kwa familia lakini, au hafai?" aliuliza akipenga kamasi.

"Akimbizwe sana, asiachwe peke yake, na afundishwe kwa ishara za mikono. Hilo ndilo la mbwa. Familia mimi siijui, mama. Unaijua wewe."

Wakati wa chakula cha mchana akawapa habari. Alisema mara ya kwanza, hakuna kitu. Alisema mara ya pili, Vinko akaomba mkate. Mara ya tatu akagonga sufuria ya mboga na viazi kwa mwiko mpaka Tonka akatoa vidude masikioni.

"Roko ni kiziwi!"

Uma wa Perina ukasimama hewani. "Amekuwaje kiziwi?"

"Daktari anasema—"

"Upepo!" Perina alipiga meza. "Upepo wa milango miwili! Nimesema mpaka nimechoka katika nyumba hii, usifungue huku na kule kwa pamoja! Wewe, Nediljka, na madirisha yako! Wewe na nywele zako mbichi!"

Hapo hata Vinko aliacha kutafuna. Mtu wa Omiš hutembea chini ya mwamba unaodondosha mawe, na huendesha gari na sigara mkono mmoja na simu mkono wa pili, lakini umwachie dirisha wazi mbele na mlango wazi nyuma, atapiga ishara ya msalaba. Upepo huo ukipita katikati hupinda shingo, hukausha figo, na masikio ndiyo huyamaliza kabisa. Haya si mambo ya kubishania.

"Mimi nilikuwa kazini siku alipoletwa, mama," Nediljka alisema. "Na siku zile zote za mwanzo sikufungua kitu."

"Sasa nani alifung—" Perina alisema, kisha akakatika.

Walimwona akiuweka uma chini. Alikuwa amekumbuka: ilikuwa Januari ya mwaka uliopita, ule upepo baridi uitwao bora unavuma toka mlimani. Mbwa mdogo alinuka, yeye akamwosha ndani ya karai, akamweka kwenye kikapu katikati ya jikoni, manyoya yangali mabichi. Kisha, ili harufu itoke, akafungua mlango wa baraza. Akafungua na wa barabarani. Akaenda dukani.

"Yesu na Maria," alisema Perina kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mezani hapo. Akainuka, akaenda chumbani, akajifungia.

Nediljka alibaki na mwiko mkononi. Alijua ukweli, na ukweli ungempeleka mbwa Sinj. Akiunyamazia, mbwa anabaki. Kazi ilikuwa rahisi mno, hakutakiwa hata kusema uongo. Usiku huo alilala vibaya, na usiku uliofuata vibaya zaidi, kwa sababu aliusikia ukuta wa pili ukisali rozari kwa ajili ya masikio ya mbwa.

Jumamosi asubuhi Perina alipiga simu Sinj mwenyewe. "Haji," aliwaambia, akakata. Saa tano Nediljka alimkuta barazani, milango yote imefungwa, akimvisha Roko kofia ya sufu aliyoifuma usiku, yenye mabawa ya kufunika masikio. Roko alikuwa ametulia tuli, akimtazama mdomoni. Kila Perina alipoinua mkono, naye anakaa. Aliposhusha, naye analala. Mwanamke yule katika maisha yake yote hajapata kusema sentensi bila kutumia mikono, na mbwa alikuwa akiielewa yote.

Nediljka hakuweza kuvumilia tena.

"Mama, si wewe. Daktari alisema alizaliwa hivyo hivyo. Si upepo."

"Daktari wa wapi huyo?"

"Wa Osijek."

"Kule tambarare? Atajua nini yeye habari za upepo?"

"Mama, nakwambia kweli. Mbegu yao yote iko hivyo. Wewe huna kosa."

"Funga huo mlango nyuma yako," alisema Perina.

Nediljka akaufunga, akavuta pumzi aseme mara ya tatu kwa kelele, kama nyumba hiyo ilivyomzoesha. Lakini Perina alikuwa amekwisha mgeukia mbwa, akimkaza kamba za kofia chini ya kidevu.

"Unaona?" alimwambia Roko. "Wewe unanitazama. Tangu marehemu mume wangu Jakov azikwe, ni mwaka wa kumi na moja sasa, hakuna mtu humu ndani amenitazama usoni nikiwa nasema. Wananipa migongo. Nasema na migongo, mwanangu, mchana kutwa."

Nediljka alisimama pale mlangoni. Alitaka kusema na mimi je, mama, miaka kumi na tisa uso wako ulikuwa wapi. Badala yake aliingia sebuleni, akamzimia Vinko televisheni katikati ya mpira, akarudi na kiti, akakiweka mbele ya mama mkwe wake, magoti kwa magoti.

"Haya, mama," alisema. "Sema."

Perina alimkazia macho kwa shaka. Kisha akaanza, kwa mikono yote miwili, na alisema mpaka saa nane mchana, huku Vinko akilalamika ndani na viazi vikiungua.