Fomu ya Jumamosi

Kijiti ana miaka kumi na minne. Selimundu, maradhi ya damu, kazaliwa nayo, uongo kajifunza mwenyewe. Kila kliniki nesi humpa fomu ya kuuliza maisha yanaendaje: umeumwa? Umelala? Umecheza na wenzako? Yeye hutia tiki za raha tupu, chapchap, anarudisha.

Na leo ndiyo kabisa! Jumamosi darasa lao linakwenda kuogelea, na paja la kushoto linamuuma tangu juzi. Akilitaja tu, safari imeota mbawa.

"Jaza hiyo, bibi harusi," nesi akamtania. "Na usinidanganye, nakujua."

"Mimi tena, nesi?"

Akageuza karatasi. Loo! Imeshajazwa.

Tarehe: Jumamosi hii, ambayo haijafika! Maumivu: kumi juu ya kumi. Kutembea: hawezi. Mwandiko wa mama yake, fundi cherehani, herufi zimepinda kama sindano mbovu. Pembeni tone la wino, umbo la sikio. Swali la mwisho, "Mtoto mwenyewe anasemaje?", halikujibiwa. Peupe.

Akamtazama mama: futi shingoni, kasinzia kwenye benchi, hata kalamu hana.

"Nesi, hii ya nani?"

Nesi akaigeuza huku na huku. "Si tupu hii? We mtoto, macho yako yana nini?"

Haikuwa tupu. Lile tone lilikuwa bado bichi. Lilimchafua nesi kidole, naye wala hakuona.

Kijiti akaiwaza safari. Bwawa lile, wenzake, kelele zote zile...

"Nesi, paja linaniuma. Tangu juzi. Nilificha."

Mama akazinduka kama kachomwa pini. "Ulificha nini?!"

Akalazwa saa ileile. Dripu, dawa, blanketi mbili. Jumamosi asubuhi maumivu yakapanda mpaka kumi, ila yalimkuta kitandani, siyo majini. Dawa zilipoanza kuyashusha, nesi akaleta fomu. Mkono wa Kijiti una sindano, basi kalamu akashika mama.

Kumi. Hawezi. Tone likadondoka, likatulia umbo la sikio.

Kijiti akalitambua.

"Hapa wanauliza, mtoto mwenyewe anasemaje?" Mama akamwinamia. "Haya, sema, mama."

Ile nafasi nyeupe ikamkodolea macho. Mama akaanza kuondoa kalamu.

"Andika," Kijiti akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nina njaa."