Pole Niliyompelekea Mathayo

Kijiji kizima cha Mgori kinajua mdomo wangu mimi Evodia hauna breki. Lakini siku ile kule mahakamani, Singida mjini, ulikauka mpaka nilipoitwa. Nilikuwa naogopa mpaka nikamshika mume wangu Melkiori mkono mbele za watu, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Jirani yetu Mathayo alikuwa ametushtaki. Nyuki waliwaua maksai wake wawili wa kulimia, naye akasema ni nyuki wa mizinga yangu. Jamani! Msitu uko palepale, nyuki wa porini wamejaa, nani aliwauliza kwao ni wapi? Lakini tukishindwa tulipe maksai na gharama za wakili wake, na tukiacha maksai wetu wawili wa kulimia, cha kuuza tumebaki na shamba la bondeni, ndilo linalotulisha. Mbuzi walishaisha kwa wakili wetu, na kwa nauli za kwenda kuambiwa kesi imeahirishwa.

Niliposimama kutoa ushahidi, wakili wa Mathayo akaanza kuniuliza, mpole kama anabembeleza mtoto.

"Mama, maksai walipokufa, ulikwenda nyumbani kwa Mathayo?"

"Nilikwenda kesho yake asubuhi."

"Ulibeba nini?"

"Jogoo, na asali kidogo."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia pole. Ulitaka nimwambie hongera?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, alikwenda bila kuitwa, na asali ya mizinga hiyohiyo. Mtu asiye na kosa anapeleka fidia ya nini?"

"Fidia? Kwetu jirani akipatwa na msiba wa mifugo unakwenda! Muulize Mathayo!"

"Jibu unachoulizwa tu, mama," hakimu akasema, huku anaandika.

Nikamtazama Mathayo. Anajua vizuri pole ile ilikuwa ya nini. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja na kuni kabla ya mtu mwingine yeyote. Akainama, akaangalia viatu vyake.

Tulipopewa mapumziko nikamvaa wakili wetu pale koridoni. "Tutashinda?"

"Tunaweza kushinda, tunaweza kushindwa. Hiyo pole hakimu anaweza kuiona ni utu, anaweza kuiona ni kukiri. Na tukishinda, wenzetu wanaweza kukata rufaa."

"Loo! Kumbe mbuzi wangu wote wameliwa na mtu asiyejua!"

Nilikuwa nafoka kwa woga. Nilikuwa naliona shamba langu linapigwa mnada kwa sababu ya jogoo.

Melkiori akanivuta pembeni. "Mama Enock, heri nusu shari kuliko shari kamili. Tumpe maksai mmoja, yaishe."

Mathayo alikubali upesi mno, hata wakili wake akashangaa. Wakati wa kutia saini, alisaini hata kabla hajasomewa. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa kama mimi. Hakimu akafunga jalada, na alichokuwa anataka kuamua nitakufa sijakijua.

Shamba likabaki letu. Maksai wetu aliyebaki hawezi kuvuta plau peke yake, kwa hiyo msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, na ng'ambo ya mpaka nilikuwa namwona Mathayo naye ameinama na jembe lake.

Mwezi uliopita mama yake Mathayo akafariki. Nikachota unga, nikanyoosha mkono kwenye kopo la asali, nikaurudisha mtupu. Njia nzima nilikuwa najishangaa, eti mimi, naogopa kwenda msibani kwa jirani!

Mathayo akatoka kunipokea, macho mekundu.

"Karibu, Mama Enock."

Akasimama, akaningoja niseme. Neno "pole" lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikageuka kwanza, nikaangalia waliokaa karibu, nani na nani wanasikia.

Nikampa unga, nikapita kwenda jikoni.