Chujio la Mjomba

Shuleni walimwita Bawabu, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Ndiye aliyekuwa fundi wa chumba cha kompyuta, ndiye aliyejua kwa nini tovuti hii inafunguka na ile inagoma. Mpwa wake, aliyebandikwa jina la Kokoto kwa kuokota mawe tangu utotoni, alimwamini kuliko kitabu. Mama yake Kokoto alipofariki, mjomba huyu ndiye aliyemlea pamoja na bibi, akamfundisha kila kitu hadi kushika kipanya.

Kokoto alitaka kitu kimoja tu duniani: chuo cha madini. Maombi yalipokelewa kwenye tovuti ya chuo peke yake, mwisho Ijumaa. Lakini kila alipoingia kwenye kompyuta ya shule kwa jina lake na neno lake la siri, alipokewa na ukurasa mwekundu: tovuti hii imezuiwa kwa usalama wako.

"Hilo ni chujio, mwanangu," mjomba alimweleza akivuta kiti. "Linazuia picha chafu, linazuia kamari, linazuia video zinazokula intaneti ya shule nzima. Sasa hao wa madini wana somo la kupasua miamba, wameandika baruti. Chujio likiona baruti linafunga mlango. Halijui mwanafunzi wala gaidi."

"Si nikajaribu mjini?"

"Ya nini kujisumbua? Nishawaomba wakubwa waifungue. Kesho, keshokutwa, itakuwa tayari. Subira huvuta heri."

Kokoto akasubiri. Tena akawa na mdomo: yeyote aliyekutana na ukurasa mwekundu alisomeshwa somo zima la chujio na baruti, utadhani amelitengeneza yeye. Ijumaa ikaja, ikapita. Mjomba akamgusa bega, akasema wakubwa wamechelewa, lakini vyuo havikosi kuongeza muda.

Jumatatu jirani yake wa dawati, msichana mpole asiyependa ubishi, alimvuta mkono.

"Hebu njoo uone. Mbona kwangu inafunguka?"

Kokoto alicheka, kisha akaona. Jengo la chuo, wanafunzi wenye kofia ngumu, na katikati, kwa herufi za kusomwa na kipofu: MAFUNZO YA BARUTI. Wakajaribu kompyuta ileile kwa jina la Kokoto. Ukurasa mwekundu. Wakarudi kwa jina la jirani, ikafunguka. Wakamwita mwenzao wa tatu, kwake pia ikafunguka. Shule nzima ilikuwa wazi, yeye tu ndiye aliyefungiwa, na wa kufunga alikuwa mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila hawasemi kinavyouma. Kwanza aliona aibu kwa yale mahubiri yake yote. Hasira ikafuata.

Mjomba alikuwa ofisini akikaza skrubu za printa kwa bisibisi. Alimtazama usoni mara moja tu, akajua mambo yamemwagika.

"Nani atakaa na bibi yako?" alisema kabla hajaulizwa. "Mguu wake ule hausimami bila mtu. Wewe ndiye unayemwamsha, wewe ndiye unayempeleka kliniki. Mimi na kazi hii nitamudu vipi?"

"Ungeniambia."

"Ungekwenda tu."

"Ningekwenda, ndiyo! Lakini ningekwenda nikikupenda."

Mjomba aligeukia kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale, akamsogezea kiti. "Haya. Jaribu sasa."

Kokoto aliandika jina lake. Tovuti ikafunguka bila kinyongo. Kwenye ukurasa wa maombi palikuwa na mstari mmoja: muda wa maombi umekwisha.

"Mwakani ipo," mjomba akanong'ona.

"Bibi anajua?" Hilo ndilo Kokoto alilokuwa akiliogopa kuliko yote, kwamba bibi naye alikuwemo.

Bisibisi ikamponyoka mjomba. "Hajui. Kila siku ananiuliza kama umeshatuma. Tafadhali, mwanangu, usimwambie. Nitapata laana."

Kokoto alijifuta machozi kwa mkono wa sweta. Akalichukua koti la mjomba kutoka msumarini, akamtupia mapajani.

"Simwambii," alisema. "Utamwambia wewe, leo. Nami nitakaa hapohapo kando yake, nisikie unavyoanza."